Nyumba ya Magomeni Mikumi: shajara ya kununua au kuacha

1 Februari 2025

Tunamtafutia Mama nyumba. Yuko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Baba alipojenga kule, na tangu aanze kliniki ya moyo Muhimbili safari zimemmaliza. Anaamka saa tisa usiku ili awahi foleni, anarudi magharibi imeshaingia. Tumekubaliana sisi watoto kwamba nyumba ya Chanika iuzwe, kila mmoja aongeze chake, apate mahali padogo mjini. Magomeni kaichagua mwenyewe. Ndiko alikokulia, dada zake bado wako huko, na ukipanda basi la mwendokasi pale Mapipa unashuka kituo cha Fire, bajaji inakufikisha hospitali.

Naandika kila hatua kwa sababu wadogo zangu wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Mtwara, na uamuzi ni wetu sote. Wakisoma hapa watajua tumefika wapi na kwa nini.

8 Februari

Baada ya nyumba kadhaa ambazo sina haja ya kuziandika, leo nimeona moja ya maana. Iko Mikumi, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, si mbali na mtaa wa Ifunda ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru, ambayo leo ni makumbusho. Ni nyumba ya Kiswahili halisi: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha uani kuna jiko, bafu, choo, stoo na chumba kimoja cha pembeni. Nimepima kwa futi kamba, kiwanja kinakaribia mita 12 kwa 19. Bei aliyotaja dalali ni milioni 185.

Mtaa wenyewe umetulia. Mama wa mihogo yuko kibarazani kwake, msikiti hauko mbali, watu wanajuana. Lakini mabadiliko yanaonekana. Nyumba ya pili yake imeshavunjwa na nguzo za ghorofa zimesimama, na kila anayeuza siku hizi anataja maghorofa ya Magomeni Kota, yale ya familia 644 yaliyozinduliwa Machi 2022, kana kwamba na kiwanja chake kimo humo. Kota ni kota. Mimi bei nitaipima kwa viwanja vya mtaa huu.

Vyumba vya mbele vina wapangaji. Uani nilimkuta bibi mmoja anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama nimekuja kuangalia nyumba. Nikamwambia ndiyo. Akasema karibu, akaendelea na mchele wake. Dalali akaninong'oneza kuwa huyo ni mpangaji wa siku nyingi, anatoka wakati wowote. Wakati tunaaga, kijana wa chumba cha mbele alimletea yule bibi hela ya LUKU, yaani ya umeme, na ufunguo wa stoo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Nimeandika hapa ili nisisahau kuuliza ni nani.

13 Februari

Nimerudi na fundi. Huyu ndiye aliyetujengea Chanika na namwamini, kwa sababu akiona kazi haifai anakwambia hata kama anaikosa. Alikuja na nyundo, bisibisi na tochi.

Ukuta wa mbele aliugonga, ukaitika vizuri: tofali za saruji, za nchi sita, zimejengwa baadaye. Alipofika vyumba vya nyuma, plasta ikawa inalia kama debe tupu. Tukaomba ruhusa kwa mpangaji, akasogeza kabati, fundi akachokonoa kwa bisibisi. Plasta ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake ukuta ni udongo mwekundu na fito. Akaniambia niweke kidole. Kiliingia mpaka kwenye kifundo, udongo ukamiminika sakafuni mkavu kabisa, na kwenye fito njia za mchwa zimepita juu kwa juu hadi kwenye paa. Yaani mwenye nyumba alipopata uwezo alijenga upya upande wa barabarani, upande wa uani akaupiga plasta na rangi, ukaonekana sawa na wa mbele.

Akapanda darini. Boriti za mikoko za zamani bado ngumu, msumari hauingii kirahisi. Zilizoliwa ni mbao laini zilizoongezwa miaka ya karibuni kushikilia bati mpya. Bati zenyewe zimetoboka kwenye maungio. Chini, jamvi la zege la sakafu ni jembamba na limepasuka kwa urefu wa korido. Kwenye kuta zote, mbele na nyuma, kuna mstari mweupe usawa wa goti, ndiyo chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, na fundi anasema ukipaka rangi leo mwakani itakuwa imeshabanduka, kwa kuwa hakuna kitu kilichowekwa kwenye msingi kuzuia maji yasipande. Lenta, yaani mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu, hakuna, kwa hiyo kubomoa nyuma na kubakiza mbele kunawezekana, ila mbele hapatabeba chochote zaidi ya paa lake.

Nikamuuliza, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje. Akasema: “Dada, hapa unanunua kiwanja. Nyumba muhesabie bati na tofali za mbele, basi.” Makadirio yake ni kuvunja yote na kujenga nyumba ndogo ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, isiyo na ngazi hata moja, kwa kama milioni 42. Kuna gharama nyingine ambayo mtu wa Chanika haifikirii: kenta haiingii mtaani. Mchanga na tofali vitashushwa barabarani na kuingizwa kwa guta.

Hilo la kenta limenifanya nipime njia kwa mgonjwa pia. Gari dogo linafika mlangoni iwapo hakuna aliyeegesha. Gari la wagonjwa litabana sana kwenye kona.

22 Februari

Majibu ya upekuzi yametoka. Kwa wasioifahamu hatua hii: unachukua namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, wakili anapeleka maombi kwa Msajili wa Hati, unalipia ada, unapewa kilichoandikwa kwenye daftari kuhusu ardhi ile. Nakala ya hati anayokuonyesha muuzaji ni ya kusoma tu. Anayejua kama kuna rehani au zuio ni Msajili.

Zuio hakuna, rehani hakuna. Mengine ni haya. Hati ni ya miaka 33 kuanzia 1996, inaisha 2029. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu miliki ya hadi miaka 99, na aliyetimiza masharti anaomba kuhuishiwa, kwa hiyo si sababu ya kukimbia. Lakini mdogo wangu wa Mwanza alikuwa ameanza mazungumzo na benki ili achukue mkopo kwa dhamana ya hati hii, wakamjibu kwamba muda uliobaki ni mfupi kuliko muda wa mkopo. Hiyo njia imefungwa. Tutategemea fedha ya Chanika, akiba na SACCOS.

Kodi ya pango la ardhi ina deni la miaka kadhaa. Kodi ya jengo haina shida, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Deni la pango lazima lilipwe na wauzaji kabla ya uhamisho, na tutaliandika kwenye mkataba.

Kubwa kuliko yote: jina lililoko kwenye daftari ni la marehemu. Amefariki 2019. Anayeuza ni mtoto wake wa kwanza, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Barua ya usimamizi anayo na ni halali, wakili ameithibitisha mahakamani. Ila hajaipeleka kwa Msajili. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kifungu cha 67, inataka msimamizi asajiliwe kwanza mahali pa marehemu, ndipo awe na uwezo wa kuhamisha kwenda kwa mwingine. Tukilipa leo, tutakuwa tumenunua kwa mtu ambaye daftari halimtambui.

5 Machi

Wakili amepata nakala za jalada la mirathi: muhtasari wa kikao cha ukoo na orodha ya warithi. Warithi ni watoto sita, mmoja wao anaishi Muscat. Mke hayumo.

Jioni nilifuturu kwa Mama mkubwa, dada yake Mama, anayekaa Makuti. Nikamtajia nyumba. Akaniuliza, ile yenye mlimau uani? Basi akanieleza kila kitu kabla sijamaliza tambi. Yule bibi anayechambua mchele ni mjane wa marehemu. Mke wa kwanza alifariki, huyu akaolewa 2001, ndoa ya msikitini, na walikuwa wakienda darsa pamoja na Mama mkubwa. Amemuuguza mume miaka yake ya mwisho. Mtaa mzima unamjua kwa jina la ile nyumba.

Hii ndiyo faida ya mtaa wa zamani, na ni faida ambayo upekuzi hauiandiki. Viwanja vipya kule pembezoni unapata bikoni, yaani alama za mpaka, na barua ya mauziano, jirani hajui hata aliyekuuzia ni nani. Magomeni ukiuliza vizuri, ukamuuliza mtu sahihi, historia ya nyumba unapewa na tarehe zake.

Wakili hakupindisha maneno. Mjane wa Kiislamu ambaye mume ameacha watoto ana thumuni yake, moja ya nane. Pia nyumba ya familia ina ulinzi wake katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Mirathi iliyomwacha mrithi nje inaweza kupingwa, msimamizi akatenguliwa, na mnunuzi akajikuta Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani miaka na miaka huku nyumba imesimama. Akamaliza kwa kusema hata kama mirathi isingepingwa, asingependa tuwe sisi tulionunua hivyo.

Na mimi nisingependa. Siwezi kumhamisha Mama yangu mgonjwa apumzike kwenye nyumba ambayo mama mwingine katolewa bila chake. Nimewaandikia wadogo zangu usiku huu huu. Wote wawili wamejibu vilevile.

15 Machi

Nimekutana na msimamizi baada ya tarawehe. Ni mtu mzima, mstaarabu, ameongea nami kwa heshima. Anasema mama yao wa kambo wanamtunza, kila mwezi wanamtumia, na wakishauza watampangishia chumba, kwa hiyo hawakuona haja ya kumwandika. Nikamwambia: “Kaka, sina shaka mnamtunza. Lakini kutunzwa ni hisani yenu, na thumuni ni haki yake. Sisi hatutoi hata shilingi mpaka jina lake liwemo na yeye mwenyewe aseme ameridhia.”

Alinyamaza muda. Kisha akaniomba nimpe mpaka baada ya Idi akae na wenzake.

Dalali amenipigia mara nyingi tangu hapo, kwamba kuna mteja mwingine ana hela mkononi. Inawezekana anaye. Nimemwambia amkaribishe.

5 Aprili

Mvua imeanza, na mvua ndiyo siku ya kuangalia nyumba. Nimekwenda asubuhi maji yakiwa bado yanatiririka. Mtaro wa mtaa umejaa taka kwenye kona moja, maji yakapanda mpaka kwenye ngazi ya baraza ya jirani, lakini mlangoni kwetu hayakufika. Nimeangalia kuta za nje nyumba tatu kushoto na tatu kulia, sikuona alama ya maji. Mzee wa duka anasema mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatesa wa Suna, kule chini bondeni mwa Msimbazi, huku juu maji yalipita njiani tu. Ndani ya nyumba ndiyo balaa. Ndoo mbili kwenye korido na beseni kitandani kwa mpangaji wa nyuma.

Kitu kingine ambacho mvua imenionyesha: Jangwani. Ikifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale na mwendokasi unasimama, ilhali Muhimbili iko ng'ambo ya bonde. Siku za namna hiyo Mama atalazimika kuzungushwa kwa njia nyingine, au aende Mwananyamala ikiwa ni dharura. Ukilinganisha na Chanika bado ni nafuu kubwa, ila tusijidanganye kwamba hospitali itakuwa mlangoni mwaka mzima.

12 Aprili

Wamekaa. Imamu wa msikiti alikuwepo, na binti wa Muscat alishiriki kwa simu. Wamekubaliana kurudi mahakamani kurekebisha orodha ya warithi na kumwingiza mjane. Msimamizi ndiye aliyenipigia, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko siku ile. Binti wa Muscat atatoa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa kwenye ubalozi wetu kule, ili kaka yake asaini kwa niaba yake.

26 Aprili

Mpimaji amekuja kutafuta bikoni. Mbili za mbele zimepatikana chini ya udongo, ziko sawa na ramani. Ya nyuma kulia ipo chini ya ngazi ya jirani, yaani ngazi imeingia kwetu kama sentimita 40. Jirani ni mama mjasiriamali wa vitenge, amekaa hapo tangu utoto. Alitoka akaangalia na kukiri kwamba ngazi ilijengwa na marehemu baba yake kwa makubaliano ya mdomo na marehemu mwenye nyumba hii. Sitaki kuanza ujirani kwa kuvunja ngazi ya mtu. Tumekubaliana kwa maandishi, mbele ya mjumbe, kwamba ngazi inabaki, mpaka ni bikoni, na siku atakapojenga upya atairudisha kwake. Serikali ya mtaa nao wametoa barua kwamba nyumba haina mgogoro unaojulikana ofisini kwao.

10 Mei

Mahakama imepokea orodha iliyorekebishwa. Jina la mjane limo. Msajili amemwandikisha msimamizi mahali pa marehemu. Sasa ndipo tumezungumza bei.

Nilikwenda na karatasi ya fundi. Sikuiponda nyumba yao, ni nyumba iliyowalea watoto sita. Nilimwonyesha msimamizi picha ya ukuta wa nyuma na ya kenchi, yaani mbao za paa, nikamwambia hapa tunanunua ardhi, na juu yake tutaweka milioni 42 kabla Mama hajalala. Nikaongeza muda uliobaki kwenye hati. Tukaanza na 140. Wakashuka hadi 160. Tumekutana kwenye 152, na thumuni ya mjane hapo kabla ya makato ni milioni 19.

Masharti yaliyoingia kwenye mkataba: deni la pango la ardhi na kodi ya faida ya kuuza mali, asilimia 10 ya faida hiyo, ni juu ya wauzaji. Ushuru wa stempu, asilimia moja, ni wetu. Malipo ya awali asilimia 10 yanakaa kwenye akaunti ya wakili, hayatoki mpaka kibali cha uhamisho kipatikane. Fungu la mjane linaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake mwenyewe. Dalali analipwa hati ikishahamishwa.

24 Mei

Tumesaini ofisini kwa wakili. Mjane alikuja na mpwa wake wa Tanga. Wakili alimsomea mkataba wote kwa sauti, aya kwa aya, akamuuliza kama kuna asilolielewa. Akauliza jambo moja: anaweza kubaki kwenye chumba chake cha uani kwa miezi sita, akusanye vitu vyake taratibu, kisha aende kuishi Tanga kwa ndugu zake. Kabla sijajibu, Mama, ambaye alikuwa amekaa pembeni muda wote, akasema akae. Limeongezwa kwa kalamu na wote tumeweka sahihi pembeni yake. Kwa hiyo tutaanza kuvunja mbele, uani tutapaacha mpaka Desemba, na fundi amesema anaweza kupanga kazi hivyo bila gharama kubwa ya ziada.

Kilichobaki ni uthamini, kodi ya wauzaji TRA, kisha kibali cha uhamisho. Baada ya hapo tutaomba kuhuisha miliki mapema, tusingoje 2029, na kibali cha ujenzi Manispaa ya Kinondoni. Wapangaji wa mbele wamepewa notisi ya miezi mitatu na kodi walizolipa mbele watarudishiwa na wauzaji.

Mthamini anakuja Alhamisi. Wadogo zangu, mnunuzi wa Chanika akiwapigia, mwambieni tunakabidhi nyumba kwa tarehe tuliyoandikiana, ila fedha yake ikiingia isiguswe na yeyote hadi wakili aniambie kibali kimetoka.